Petro na Paulo Ghalani

Hapa Mukuju, kando ya barabara ya Tororo kwenda Mbale, sijawahi kuona dumu lililozaliwa kwa ajili ya petroli. Yote huanza maisha na mafuta ya kupikia, yakahamia kwenye maji, na uzeeni yakaangukia kwenye mashine. Nembo ya ujanani haitoki. Ukiingia ghala la shemeji yangu, macho yatakuambia umefika kwa muuza chapati. Pua itakuambia utoke mbio.

Shemeji ana pampu ya kumwagilia nyanya, inayokunywa petroli; mashine ya kusaga, inayokunywa dizeli; na pawaso, ule msumeno wa injini, unaotaka petroli iliyochanganywa na oili. Vinywaji vitatu, madumu yote ya njano.

Wasomi wa ukoo wakaitisha kikao. Aliyeishi Marekani akasema huko dumu jekundu ni la petroli, la njano la dizeli, la buluu la mafuta ya taa. Aliyeishi Uingereza akamkatiza: kijani petroli, nyeusi dizeli, basi! Bibi akatazama barabarani, akina mama wakitoka kisimani na madumu yao ya njano kichwani, akauliza kama wale wote wamebeba dizeli. Kikao kikaahirishwa.

Ndipo shemeji akanunua kalamu ya wino mzito, ile inayojisifu ubavuni kwamba haifutiki. Akaandika PETROLI kwa herufi za kutisha. Kumbe wino ule petroli huula kama sukari. Siku ya kwanza ya kujaza, michirizi ikateremka ubavuni mwa dumu, ikalamba herufi mbili za mwisho, likabaki PETRO. Watoto nao hawakulaza damu: dumu la dizeli wakaliandika PAULO. Bibi, muumini wa siku nyingi wa Jimbo Kuu la Tororo, akafurahi mno. Lile la mchanganyiko, kwa kuwa lilikuwa dogo, akaliita Yohana.

Nakiri mpango huo uliwashinda wasomi wote. Shida ilianza alipokuja fundi wa pawaso kutoka Busia, ambaye jina lake la ubatizo ni Paulo. Alipokuta dumu lenye jina lake, jamaa aliguswa sana na ukarimu wa nyumba hii. Akajaza tangi.

Pawaso huwaka kwa cheche ya plagi, na dizeli haina haraka na cheche. Fundi akavuta kamba. Msumeno ukakohoa. Akavuta tena, mguu mmoja juu ya mashine, mpaka shati likachanika kwapani. Tangi likamwagwa na kuoshwa, kabureta ikafunguliwa, plagi ikaanikwa juani, na mkaratusi tuliotaka kuangusha ukaendelea kupunga upepo. Angemchukua Petro ingekuwa mbaya zaidi: injini ile haina oili yake, hutegemea iliyomo ndani ya petroli, ambayo kwa kipimo cha 1 kwa 50 ni mililita 100 katika lita 5. Petroli tupu ingewaka vizuri kabisa, ikaiua pistoni.

Hapo sijagusa habari za mpakani. Kenya hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, na nina hakika madumu ya Malaba na Busia nayo husikiliza redio siku hiyo. Mwaka 2018 Wakenya waliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu wachakachuaji walikuwa wakiyatia kwenye dizeli. Kwa hiyo usimwamini hata Paulo: huenda nusu yake bado ni Sauli.

Mwisho bibi alichana kanga kuukuu, akafunga kitambaa kwenye mkono wa dumu la petroli. La dizeli akalifunga ukanda wa tyubu ya baiskeli. La mchanganyiko likapata vyote viwili. Mafuta ya taa akayatoa kwenye chupa ya soda, akaipasua hiyo chupa mbele ya watoto ili kila mmoja aone.

Basi ukitumwa ghalani kwetu usiku, papasa mkono wa dumu. Usiwashe kiberiti ili usome jina.