Mwana Hiti Amepata Surua

Kokoto za Lugoba huenda Dar es Salaam kujenga maghorofa. Vumbi lake halisafirishwi. Hilo tumeachiwa wenyeji, na sehemu kubwa ya mgawo wangu imeamua kuishi ndani ya karakana yangu ya kuchapa fulana, kando ya barabara kuu iendayo Msata na Segera. Asubuhi nafagia, mchana napangusa, na jioni meza iko tayari tena mtu aandike risiti kwa kidole.

Muuza duka huvumilia vumbi. Mchapaji wa skrini hawezi, kwa sababu ya namna kazi yenyewe ilivyo. Unanyoosha kitambaa chembamba kwenye fremu ya mbao (kwa fulana tunatumia namba 43, yaani nyuzi 43 kwa kila sentimita), unakipaka dawa iitwayo imalshani gizani, kikikauka unalaza mchoro mweusi juu yake, unagandamiza kwa kioo na kukitoa mwangani. Palipopata mwanga dawa inakauka ikawa ngumu. Palipofichwa na mchoro inabaki laini, maji yanaiondoa, na hapo ndipo wino utakapopita kuingia kwenye fulana. Sasa chembe ya jiwe ikijipenyeza chini ya kioo, nayo inazuia mwanga kwa haki ileile ya mchoro. Ukiosha fremu unapata mchoro wa mteja, na pembeni yake matundu madogo madogo ambayo mteja hakuyaagiza.

Kikundi kimoja cha ngoma kilitaka fulana zenye picha ya mwana hiti, yule mwanasesere wa mti wa Wakwere na Wazaramo, asiye na mikono, mwenye vishungi viwili kichwani, ambaye mwali hukabidhiwa akiwa ndani. Mchoro mzuri, mistari imetulia. Bibi aliyekuwa kiongozi wao alikuja kuiona fulana ya kwanza. Akaivuta hadi puani, akaipeleka mbali, akairudisha.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu mtoto wetu ana surua."

Mpwa wangu, ambaye ndiye msaidizi wangu na pia msemaji wa karakana bila kuteuliwa, akadakia: "Hiyo dizaini, Bibi."

"Dizaini gani, mjukuu wangu, mtu ukiitazama unawashwa?"

Tukaketi kuziba tundu moja moja kwa imalshani, tukitumia kibrashi cha rangi ya kucha alichotuazima binti wa saluni ya jirani. Kibrashi hicho hakijarudi saluni hadi leo, na yeye hajakiulizia, maana draya lake nalo liko kwetu.

Hapo ndipo lilipo tatizo la karakana za namna yangu. Kifaa kilichozaliwa kwa kazi hii hatuna. Draya la kukaushia fremu ni la nywele. Kioo ni cha dirisha la nyumba ambayo haikumaliziwa. Bawaba zinazoshika fremu mezani ni za kabati. Mwaka 1907, Vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vinazimika huku kwetu, Mwingereza Samuel Simon wa Manchester alipata hataza ya kuchapa kwa kitambaa cha hariri, na sidhani kama katika maombi yake alitaja bawaba za kabati. Zinalegea. Fremu inasogea kidogo sana, upana wa uzi tu, rangi ya pili inakaa pembeni ya rangi ya kwanza, na timu nzima ya mpira inaonekana imechapwa na mtu mwenye homa.

Kifaa chetu kikubwa kuliko vyote ni jua. Halina bili, halikatiki usiku wa manane ukasikia mtaa mzima ukiguna, na mwanga wake ni mkali kuliko taa yoyote ninayoweza kuinunua. Ila halina swichi. Wakati wa masika unatoa fremu nje likiwa linawaka, unafika hesabu ya nusu, wingu linaingia. Utaongeza muda? Kiasi gani? Wingu lenyewe linaondoka kabla hujamaliza kuuliza.

Na kuhesabu nako kuna maadui zake. Kazi ya kuhesabu hadi 90 nimempa mpwa wangu, kwa sauti, akiwa amesimama juu ya fremu kama mlinzi wa benki. Siku moja alikuwa kwenye 40 na kitu, akapita mzee na baiskeli. Lugoba mzee hapiti hivi hivi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Lile goti lake?"

Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumjibu mzee kwa kumwambia hamsini na tatu. Akaeleza habari za goti, mzee akaeleza habari za goti lake mwenyewe, wakaagana. Aliporudi kwenye hesabu alianzia 50, kwa kukadiria. Fremu ile niliiosha kwa ndoo tatu na brashi ya nguo, wala herufi haikutoka. Imalshani ilikuwa imeshaiva yote, mchoro na pasipo mchoro. Sikumgombeza. Ningemwambia nini, asisalimie?

Skwiji nayo ina hadithi yake. Ni kipande cha mpira kwenye mshikio wa mbao, unakivuta juu ya fremu kinasukuma wino. Kona yake inatakiwa iwe kali. Ikiisha na kuwa ya mviringo, wino unapita mwingi na herufi zinanenepa. Mpira wetu ulipoisha, jirani anayefanya kazi machimboni akaniletea kipande cha mkanda chakavu wa kubebea kokoto, mzito, mweusi, wa kuaminika kwa sura. Kumbe ndani yake kuna matabaka ya kitambaa. Kila nilipovuta, nyuzi zilichora mistari kwenye nembo, na wateja wangu wa siku hiyo, klabu ya jogging, walipata fulana zilizoonekana zimeshakimbia tayari.

Nikaagiza mpira wa kweli Kariakoo, zaidi ya kilomita 100, uletwe kwa basi. Aliyepanga barabara ile hakuwafikiria watu wenye vifurushi Lugoba. Basi likishatoka Chalinze macho ya dereva yako Tanga. Nilisimama kando ya lami nikipunga mkono, konda naye akanipungia kwa furaha, basi likapita. Mpira wangu ulilala Tanga, ukarudi kesho yake na gari jingine, nami nikaulipia nauli ya kurudi.

Lakini hivyo vyote ni vifaa vya kuazima, na kifaa cha kuazima hukidai sana. Aliyeniumiza ni mashine halisi.

Wino wa fulana haukauki kwa upepo tu ukashika, unataka joto. Miaka yote nilitumia pasi, na umeme ukikatika nachukua pasi ya mkaa ya marehemu shangazi, ambayo kipimo chake cha joto ni tone la mate: likichachatika na kuruka, piga kazi. Haijawahi kunidanganya. Basi nikapata fedha za mahafali ya kidato cha nne, nikanunua mashine ya mtumba ya kugandamiza kwa joto, ina sahani ya chuma, mpini mrefu na namba nyekundu zinazowaka. Watu walikuja kuitazama. Kopo la wino limeandikwa nyuzi 160. Nikaiweka mashine 160. Ikalia mlio wa kistaarabu kunijulisha kwamba imefika. Nikachapa fulana za kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, nikazikunja, nikazikabidhi, tukapiga picha.

Jumatatu mwenyekiti wao alikuja amebeba beseni kichwani. Akalitua mbele ya mlango. Ndani mlikuwa na fulana nyeupe kabisa, na maji ya kijani.

"Jina la kikundi," akasema, "limo humo. Litoe."

Nililaumu sabuni. Nililaumu wino. Nikalaumu umeme, maana jioni huwa unapungua hadi taa zinasinzia. Aliyeona ni mwalimu wa fizikia aliyekuja kuulizia bei tu. Aliinama, akaitazama ile namba, kisha akaonyesha kialama kidogo pembeni yake nilichodhani ni mkwaruzo. Ilikuwa herufi F. Mashine inahesabu kwa Farenhaiti. Kopo linahesabu kwa Selsiasi. Nyuzi 160 za mashine ni kama 71 za kopo, joto la chai uliyoisubiri ipoe kidogo. Ilitakiwa isome 320. Mashine ilisema kweli, kopo lilisema kweli, na ukweli wa wote wawili ulikuwa unaelea kwenye beseni.

Nilizichapa upya bila malipo. Mama mwenyekiti alikubali kwa sharti moja: fulana ya kwanza ifuliwe palepale, mbele yake, kabla pesa yoyote ya kikundi haijazungumzwa tena. Alileta sabuni ya mche mwenyewe, akafikicha jina la kikundi kwa nguvu za mtu mwenye kinyongo, akasuuza, akainua. Jina lilikuwepo. Akaguna, akaondoka na sabuni yake.

Habari hizo zimeenea kuanzia hapa hadi Msoga. Siku hizi mteja akija kuchukua mzigo, kwanza anauliza bei, akishajibiwa anauliza bomba liko wapi.