Uainishaji Mpya wa Mikufu Isiyo na Ncha

Vitabu vya biokemia huzigawa peptidi kwa urefu, kwa asili, au kwa kazi zinazofanya mwilini. Mgawanyo huo una kasoro moja: haukufanyiwa Kisangani. Mji wetu una mto Tshopo wenye daraja, una mto Kongo usio na daraja, na una toleka, baisikeli za abiria, zisizo na idadi. Aliyezoea kuishi hapa hauangalii mnyororo wowote bila kujiuliza maswali mawili: umefungwa wapi, na nani ataukata? Kwa maswali hayo tu nimejenga uainishaji ufuatao, nikiwa nimekaa kituo cha toleka, bila kutumwa na chuo kikuu chochote.

Istilahi kwanza. Peptidi ni mkufu, na shanga zake ni asidi amino. Uzi unaoshika shanga hizo si dhaifu kama watu wanavyodhani. Ukiuacha ndani ya maji matupu kwenye joto la kawaida, itapita mamia ya miaka kabla nusu ya vifungo vyake haijakatika. Mkufu huohuo ukimezwa, mara nyingi hauponi. Siri yake anaijua kila mfanyabiashara anayekuja na mzigo kutoka Buta: umbali haujamfilisi mtu, vizuizi vya njiani ndivyo vinavyomfilisi. Vizuizi vya mwilini huitwa vimeng'enya, navyo ni vya koo mbili. Ukoo wa kwanza hushika ncha ya mkufu na kung'oa shanga moja baada ya nyingine, kama mtoto anayefumua mkeka. Ukoo wa pili hukata katikati, tena kila mmoja ana mahali pake: tripsini hukata baada ya lisini au arjinini, kimotripsini hupendelea shanga nono kama fenilalanini, na pepsini huvizia tumboni, penye asidi kali. Ukoo wa tatu, wa afisa anayekata popote bila kufuata kanuni yoyote, haujathibitishwa tumboni. Barabarani ushahidi wake ni mwingi.

Jamii ya chini kabisa ni Mtembea kwa Miguu, mkufu wenye ncha mbili wazi. Huliwa. Tuendelee.

Juu yake kuna Gurudumu: kichwa kimeunganishwa na mkia, na ukoo wa kwanza wa vimeng'enya umebaki umekaa bila kazi. Mfano mashuhuri ni saiklosporini, pete ya shanga 11 iliyotolewa kwenye kuvu wa udongo wa Norwe, ambayo mgonjwa aliyepandikizwa figo huimeza kwa mdomo ili mwili usiikatae figo hiyo. Lakini gurudumu peke yake lina udhaifu wake. Toa mpira wa ndani wa baisikeli, utupe chini: ni duara, ndiyo, ila hulala vyovyote utakavyo. Mkufu unaojikunja ovyo vivyo hivyo unaweza kuangukia kinywani mwa mkataji wa katikati. Kinacholifanya gurudumu libebe mama mzima na gunia lake la mkaa hadi Mangobo ni spoki. Kwa wanakemia, spoki huitwa daraja.

Daraja la kale ni la salfa mbili zilizoshikana mikono. Ositosini, homoni inayoukaza mji wa mimba, ina shanga 9, na ya kwanza imefungwa na ya sita kwa daraja hilo. Vincent du Vigneaud aliiunda maabarani mwaka 1953, na Nobel ikamfuata mwaka 1955. Katika uainishaji wangu inaingia jamii ya peke yake, Mkufu Unaotegemea Mto. Sababu ni hii. Ositosini ya sindano hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Baridi hutoka kwenye friji. Friji hula umeme. Na umeme wa Kisangani hutoka kwenye bwawa la maporomoko ya Tshopo, lenye mitambo ambayo haijawahi kuuahidi mji huu usiku mzima. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikianza, chupa za ositosini zinaanza kuchoka gizani. Mama aliyejifungua Lubunga, ng'ambo ya mto mkubwa, akitokwa na damu saa nane za usiku, anategemea mito miwili kwa pamoja: mmoja uiweke dawa kwenye baridi, mwingine umpitishe mwenye mtumbwi.

Kutoka kwenye ositosini ilizaliwa dawa iitwayo kabetosini. Ni ositosini iliyofanyiwa ukarabati, na katika daraja lake salfa moja imeondolewa, mahali pake pakawekwa kaboni. Ukichanganya ukarabati huo na namna mpya ya kuitayarisha dawa yenyewe, inastahimili nyuzi 30 kwa miaka mitatu. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya majaribio ya akina mama zaidi ya 29,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, yaliyoilinganisha na ositosini kwa akina mama waliojifungua kwa njia ya kawaida. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Atomu moja ya kaboni, na mto Tshopo ukapunguziwa kazi.

Hapa mwainishaji yeyote mwenye kiburi hukutana na mmea unaomvurugia majedwali. Katika miaka ya 1960, nchi ikiwa katika machafuko, daktari wa Norwe aitwaye Lorents Gran alikuwa Kasai kwa kazi ya Msalaba Mwekundu. Aliona wanawake wenye uchungu wakitumia maji ya mmea uliochemshwa, kalata-kalata, ili mtoto atoke haraka. Mmea huo ni Oldenlandia affinis, wa ukoo uleule wa kahawa ambayo watafiti wa Yangambi, hapa chini yetu mtoni, waliihangaikia kwa miongo kadhaa. Gran alipotafuta kiini cha dawa alikuta peptidi. Jambo hilo lilipaswa kuwa haliwezekani: peptidi iliyokaa kwenye chungu kinachotokota, halafu bado ikafanya kazi! Iliitwa kalata B1. Umbo lake lilipofichuliwa mwaka 1995, ilionekana ni pete ya shanga 29 isiyo na ncha, yenye madaraja matatu ya salfa, na la tatu limepenyezwa katikati ya kitanzi cha mawili ya mwanzo. Fundo kamili. Anayetaka kuliona fundo la namna hiyo kwa macho aende kwenye maporomoko ya Wagenia, atazame miti inayobeba vikapu vya samaki: haijashikwa na msumari, imeshikwa na jinsi kila kamba ilivyopita chini ya mwenzake, na maji yote ya Kongo yanaisukuma.

Mwaka 1999 David Craik na wenzake huko Australia waliupa ukoo mzima wa peptidi hizo jina, saiklotaidi. Leo wanakemia hupachika vipande vya dawa ndani ya fundo hilo ili vipate ulinzi wake. Mmea una jina, daktari ana jina, fundo lina jina. Waliochemsha chungu wameandikwa katika fasihi ya kisayansi kama «wanawake wa huko». Jedwali langu limewatengea safu, na safu hiyo iko tupu.

Sasa jamii iliyonituma kuandika: Daraja la Mseto. Pete ya kikemia ambayo wanachama wake wote ni kaboni ni ya ukoo mmoja. Ikiingia naitrojeni, oksijeni au salfa, inakuwa mseto, kama mtaa wowote wa Kisangani ambako ukipiga hodi nyumba tano utajibiwa kwa lugha tano. Mseto wa porini ulikuwepo kabla ya maabara. Uyoga wa sumu wa Ulaya, Amanita phalloides, hutengeneza amanitini, pete ya shanga 8 iliyokatizwa na daraja linaloungana na pete ya indoli yenye naitrojeni yake. Kupika hakuiui, kukausha hakuiui. Yenyewe ndiyo huua, ikianzia kwenye ini.

Mseto wa kufugwa ni kijana zaidi. Mwaka 2002 Morten Meldal huko Denmark na Barry Sharpless huko Marekani, kila mmoja na kundi lake, walionyesha kwamba shaba huweza kuunganisha azidi na alkaini zikawa pete ya triazoli: kaboni mbili, naitrojeni tatu. Wakatunukiwa Nobel ya mwaka 2022 pamoja na Carolyn Bertozzi. Shaba! Nchi yetu imesafirisha kiasi gani cha shaba, na kumbe chembe yake ndogo tu ingetosha kutufanyia kazi. Triazoli inafanana na kifungo cha kawaida cha peptidi kwa umbo na kwa jinsi inavyovuta chaji, hivyo inaweza kukaa mahali pake na mkufu usigutuke. Ila kimeng'enya hakipati pa kuingiza meno. Tena ndani ya seli, ambako salfa mbili huachiana mikono kirahisi, triazoli haimwachii mtu.

Lakini haitoshi daraja kuwa imara tu. Katika mbegu ya alizeti mna peptidi ya shanga 14 inayoizuia tripsini. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, waliondoa daraja lake la salfa na kuweka triazoli za aina mbili: moja imeshikwa pembe ya 1 na ya 4, nyingine ya 1 na ya 5. Atomu zilezile. Ile ya 1 na 5, inayojipinda zaidi, ilihifadhi karibu nguvu yote. Ile iliyonyooka ilipoteza. Mhandisi yeyote anayepanga kujenga daraja kuelekea Lubunga angefaidika kuisoma kazi hiyo kabla ya kuchagua ukingo.

Toronto, kundi la Andrei Yudin lilitumia mseto mwingine, oksadiazoli, kwa shida tofauti: kuvuka. Utando wa seli ni mafuta, na peptidi ni msafiri aliyeng'ang'ania maji. Pete ya oksadiazoli huulazimisha mkufu ujikunje na kuzielekeza haidrojeni zake ndani, mzigo wa maji ukafichwa, na baadhi hupita wakavu.

Imebaki jamii ya mwisho, Toleka halisi, yenye magurudumu mawili. Mwaka 2009 Christian Heinis na Greg Winter walifunga mkufu mmoja kwenye kiini kimoja mara tatu, ukawa pete mbili pacha. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo, huko Cambridge, inaitwa Bicycle, na sisi hatukuulizwa. Kiini chao kilikuwa pete ya benzini, kaboni sita tupu. Kwa kanuni zangu nimelazimika kuifukuza kutoka kwenye Mseto. Mwendesha toleka niliyemsomea rasimu hii hakuafiki.

«Papa,» aliniambia, «baisikeli ni baisikeli. Lakini hizo cheni zako zisizokatika, zikimaliza kazi zinafunguliwaje?»

Nilimweleza kwamba ositosini hutoweka kwenye damu kwa dakika chache, na kwamba amanitini, ambayo mwili hauna mkasi wa kuivunja, ni suala la jamii nyingine. Akainama, akanionyesha kwenye cheni yake kiungo kimoja chenye kibanio kidogo, tofauti na vingine vyote. Hicho ndicho anachokifungua akitaka kuiosha. Akauliza wanasayansi huweka chao wapi.

Jedwali halina safu hiyo. Nilikunja karatasi, nikapanda nyuma, akanipeleka hadi ukingoni. Pale barabara inakoishia, mitumbwi ya Lubunga ilikuwa inajaza abiria.