Chawa wa Marekani

Kuruta wa kiume akiripoti kambini kuanza mafunzo ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, kinyozi hamuulizi anataka mtindo gani. Mashine inapita kichwani mara nne tano, basi. Sababu zenyewe utazikubali: usafi wa kuepusha chawa, usawa, kumsahaulisha maisha ya uraiani. Dada aliyeshuka naye basi moja anaingia na nywele zake zote, mradi azibane kisogoni. Inaelekea chawa wa Marekani wanachagua jinsia.

Lakini msidhani dada kapendelewa. Zamani akilala kifudifudi kulenga shabaha, kile kifundo cha nywele kiliisukuma helmeti mpaka ikamziba macho. Hapo alilenga kwa kudra za Mwenyezi Mungu. Na akitaka kipara kama wenzake? Thubutu! Hadi 2021 kanuni ilimdai abakishe walau robo inchi. Yaani kaka alinyolewa apende asipende, dada alinyimwa kipara hata akikililia, na wote wawili waliambiwa ni nidhamu.

Mwaka huo wakubwa wakalegeza: mwanamke anyoe akitaka, au aziachie nywele mkia mmoja mgongoni. Kaka je? Foleni ya kinyozi ni ile pale, asogee.