Sifa Njema za Basi la Shamba

Majahazi yamesifiwa, treni zimesifiwa, hata bodaboda zimepata wa kuziimba. Basi la shamba la Uingereza halijapata mtu, nadhani kwa sababu wanaolifahamu vizuri bado wako kituoni wanalingoja. Mimi nimekata tamaa mapema, kwa hiyo nina nafasi ya kulisifu, tena nitalisifu bila ubahili.

Ninalolisema ni lile basi dogo lenye viti vya kitambaa na harufu ya makoti yaliyoloa, linalopita kijijini mara nne kwa siku likiwa na nguvu, na mara mbili kwa wiki likiwa limechoka. Si lile jekundu la ghorofa. Lile lina watalii wake wa kulipiga picha.

Tulijuana nilipotaka kuhama London. Kazi yangu ni ukalimani wa simu: daktari yuko Leeds, mgonjwa ni mama wa Uvira, mimi niko katikati na hedifoni masikioni, na hakuna anayejali nimekaa wapi mradi intaneti haikatiki na jirani hapigi ngoma. London jirani alipiga. Sina mume wa kushauriana naye wala watoto wa kuwatafutia shule, basi ramani nzima ilikuwa yangu: Northumberland yenye ngome na upepo, Norfolk iliyolala tambarare, vilima vya Shropshire, bustani za tufaha za Herefordshire. Cornwall niliiondoa siku ya kwanza. Nyumba zake zimenunuliwa na watu wa likizo, mpaka wakazi wa St Ives mwaka 2016 wakapiga kura kwamba nyumba mpya ziwe za watu wanaoishi mle kweli, si za kufunguliwa mwezi wa nane. Lakini Cornwall ikishatoka, bado imebaki nchi nzima, na mtu mmoja aliyeachiwa nchi nzima achague hulala macho.

Hapo ndipo basi liliponishika mkono. Maana siendeshi gari. Leseni ya Tanzania inaheshimiwa huku kwa miezi 12 tangu uhamie, kisha inakuwa kumbukumbu ya nyumbani. Unaanza upya na nadharia, mwalimu na foleni ya mtihani ambayo ni ya miezi. Binamu yangu aliyefaulu mtihani wake Dubai angebadilishiwa ya kwake kwa fomu tu, kwa kuwa Falme za Kiarabu zimo kwenye orodha ya nchi zinazoaminika barabarani. Zimbabwe imo. Afrika Kusini imo. Sisi hatumo, na anayedhani hilo linaniuma amekosea kidogo sana.

Kwa hiyo nikaacha kuangalia nyumba, nikaangalia ratiba. Ramani ikaanza kupungua yenyewe. Louth ya Lincolnshire, mji mzuri, treni ya abiria iliondoka mwaka 1970. Keswick, 1972. Tavistock, 1968. Herefordshire nzima ina stesheni nne. Kwingineko kote unaambiwa usihofu, kuna basi. Na kweli lipo. Sijawahi kulishutumu kwa kutokuwepo, ila kwa kutokuwepo pale nilipo.

Sifa yake kuu ni ulezi, na hili naomba lisomwe kwa utulivu. Mtu anayehamia shamba peke yake, hasa mwanamke, hasa aliyevuka miaka arobaini na hana tena wa kumuuliza unatoka wapi saa hizi, yumo katika hatari kubwa ya kufurahi. Basi linalijua hilo. La mwisho kutoka mjini linaondoka saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, na hakuna shangazi, awe wa Pangani au wa Pate, aliyewahi kumlinda mwari kwa ukali huo. Shangazi utamdanganya ulikuwa unasoma kwa rafiki. Utamwomba mdogo wako akufungulie mlango wa uani. Basi halina uani. Sinema ya mjini huanza saa moja na nusu usiku: hutaiona. Kwaya hufanya mazoezi saa moja: hutaimba. Kuna darasa la ufinyanzi kila Alhamisi jioni, na vyungu vyake huwekwa dirishani kwenye duka la vitabu ili wewe, unayekimbilia kituoni na mifuko miwili, uvione kwa pembe ya jicho.

Tuseme ametokea mjane mmoja wa heshima, ndevu zimechanwa, koti la sufu, akakualika chakula cha usiku. Utamjibu nini? Utamwomba chakula hicho cha usiku kiliwe saa tisa alasiri. Akikubali, huyo ana nia. Uchumba wenyewe itabidi uanze, uive na ufikie maelewano kati ya saa nne na nusu asubuhi na saa kumi na moja jioni, siku ya Jumanne au Ijumaa, mahali pa wazi, kila mmoja amepakata vitunguu vyake. Kungwi gani angebuni mtego mzuri kama huo? Wazazi wa pwani wanaokesha kwa hofu ya binti aliyekwenda kusoma Ulaya waache kumpigia simu usiku wa manane. Wamtafutie chumba kwenye njia ya basi la shamba, walale.

Tena linamcha Mungu. Jumapili halitembei. Makasisi wa vijijini siku hizi wanahudumia parokia nne au tano kila mmoja, wanazunguka na Biblia kwenye buti la gari, na ibada inahamahama. Basi peke yake ndilo linaloshika Sabato kijijini kila wiki bila kukosa. Krismasi pia halitembei, ingawa siku hiyo hata treni za nchi nzima hulala. Na linafundisha dua. Sijapata kuomba kwa moyo mkunjufu kama nilivyoomba kwenye kibanda cha kituo, mvua inapiga upande, programu ya simu inasema basi liko dakika mbili, kisha dakika moja, kisha limefika, kisha haisemi kitu. Wahenga walisema subira yavuta heri. Basi la shamba halivutwi.

Sifa ndogondogo nazitaja kwa haraka. Ni safi. Halina konda wa kukukamata mkono wala spika ya kukutoboa sikio. Nauli Serikali iliiwekea kikomo cha pauni 2 mwaka 2023, ikawa 3 mwaka 2025, kwa hiyo kutokwenda mahali hakujawahi kuwa rahisi hivi. Abiria wakishuka humshukuru dereva, mmoja baada ya mwingine, hata mtoto wa shule mwenye kofia usoni, na hilo nalisifu kweli, sitanii.

Kabla ya kuhama moja kwa moja nilipanga nyumba kwa majaribio katika kijiji kimoja karibu na mpaka wa Wales. Nikiwa huko nikapata barua ya hospitali: miadi saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi. Basi la kwanza hufika mjini saa nne na dakika tano. Nikapiga simu kuomba saa nyingine. Mpokezi alikuwa mpole, na ningependa asingekuwa.

“Huna mtu wa kukuleta?”

“Sina.”

“Jirani?”

“Nimehamia juzi.”

“Teksi, basi.”

Teksi ya kijiji ni moja, na asubuhi ina mkataba wa kupeleka watoto shule. Nikamwambia. Akasema atanirudisha kwenye orodha ya kusubiri, na kwamba barua nyingine itakuja. Barua ile ninayo. Ina aya nzima kuhusu kuegesha gari, bei kwa saa, lango lipi, mashine gani inapokea kadi. Kuhusu basi haina hata herufi. Mimi nimewafasiria watu wengi barua ya pili, ile inayosema hukufika kwa hiyo tumekuondoa kwenye orodha, na nimesikia daktari akiuliza kwa nini mama hakufika, na mama akajibu neno moja, “basi,” na daktari akadhani amemaliza kusema. Huyo mama hakuwa mzembe. Alikuwa amesimama barabarani tangu kulipokucha. Nani alikaa mezani akapanga miadi ya wagonjwa wasio na gari kabla gari la kwanza halijafika? Na akaenda kula chakula cha mchana?

Nilikuwa nasifu.

Basi lina udhuru wake, lazima nilitetee. Halianzi mapema kwa sababu njia nyingi za shamba hutumia gari lilelile linalopeleka wanafunzi asubuhi na kuwarudisha alasiri. Sisi wengine tunapewa katikati. Abiria wengi wa katikati hiyo ni wazee wenye kadi ya kusafiri bure, na kadi ya taifa siku za kazi huanza kufanya kazi saa tatu na nusu. Ratiba imekatwa kwa kipimo cha mwanafunzi na mstaafu. Mtu wa umri wa kati anayefanya kazi, na asiye na gari, hakuwepo fundi alipokuwa anapima.

Wala basi halikujitakia kazi hii. Mwaka 1963 Dk. Richard Beeching, mwanafizikia aliyetoka kiwanda cha kemikali akaletwa kuongoza reli, alitoa ripoti iliyotaka stesheni 2,363 zifungwe. Watu wa vijijini wakaambiwa wasilie, mabasi yatachukua nafasi ya treni. Mengi ya hayo mabasi ya kupangusa machozi yakaondolewa baadaye, kimyakimya. Kisha ikaja Sheria ya Usafiri ya mwaka 1985, chini ya waziri Nicholas Ridley, na kuanzia tarehe 26 Oktoba 1986 mabasi yakaachwa huru: kampuni iendeshe njia inayoipenda, na ile isiyo na faida ibaki mikononi mwa halmashauri, iilipie ruzuku kama ina fedha. Huko Oxfordshire, mwaka 2016, ruzuku ya mabasi ikafutwa. Uhuru huo ulienezwa England yote isipokuwa London. London, walikokaa Bunge na waziri na makarani walioiandika sheria, mabasi yaliachwa chini ya mpango, njia kwa njia, na hadi leo yanatembea usiku kucha. Waganga waliichanganya dawa, wakaonja, wakaipeleka kwa majirani.

Ridley na Beeching wamekufa, na ni rahisi kuwasema. Waliobaki hai nilikutana nao kwenye ukumbi wa kijiji.

Tangazo lilikuwa limebandikwa kituoni, juu ya ratiba, likaifunika yote: OKOENI BASI LETU. Mkutano ni saa moja na nusu usiku. Niliishi mwisho wa pili wa kijiji, maili mbili za giza lisilo na njia ya miguu, na basi la kuniwahisha kwenye mkutano wa kuliokoa lilikuwa limeshakwenda kulala. Bwana mmoja mstaafu alinichukua kwa gari lake. Alikuwa na mawili, akaniomba radhi kwamba amekuja na lile dogo. Nje ya ukumbi magari yalijaa hadi kwenye majani ya kanisa.

Walizungumza vizuri mno. Mama mmoja alisema basi ni moyo wa kijiji. Mzee mwenye fimbo alisimulia alivyokwenda nalo sokoni akiwa mtoto, na watu wakapangusa macho. Mwenyekiti akauliza, kwa ajili ya barua ya kupeleka halmashauri, ni wangapi kati yetu wamelipanda mwezi huu. Ikanyooka mikono miwili. Mmoja ulikuwa wa bibi anayekaa nyuma ya duka. Wa pili ulikuwa wangu, na mimi sikuwa mkazi rasmi, kwa hiyo katibu akaandika mmoja. Azimio likapita bila kupingwa: basi libaki, kwa ajili ya wanaolihitaji.

Agenda ya pili ilikuwa nyumba kumi na mbili za kupangisha kwa bei nafuu, zilizoombewa kibali kwenye kiwanja cha nyuma ya shule. Hilo nalo likapita bila kupingwa, upande wa kukataa. Sababu ya kwanza kwenye barua, iliyosomwa kwa sauti na mwenyekiti yuleyule, ilikuwa kwamba kijiji hakina usafiri wa umma wa kuaminika. Nikatazama huku na huku nione nani atacheka. Bwana aliyenileta alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko, akiunga mkono.

Njiani kurudi aliniuliza kama nimepapenda. Nikamwambia nimepapenda. Akasema kwa wema kabisa, “Nunua gari kwanza, mama, halafu utapapenda zaidi.”

Sasa ninaishi katika mji mdogo wenye stesheni, dakika chache kwa miguu. Basi ndilo lililonichagulia, kwa kunikataza kwingine kote. Kamati ya kijiji kile nayo ilifaulu. Ruzuku imeongezwa mwaka mmoja, safari zimebaki mbili kwa wiki, na gazeti la wilaya limetoa picha ya wanakamati wote wamepanga mstari mbele ya kibanda cha kituo, vidole gumba juu, magari yao yameegeshwa nyuma yao, sehemu ya kusimama basi.