Meneja Ana Sukari

Ukisema hapa Mbamba Bay kwamba mtoto ana malaria, watu watakupa pole. Ukisema mama ana presha, watakupa pole pamoja na majani ya kuchemsha. Sasa jaribu kusema paka wako ana kisukari. Mimi nilisema, tena kijiweni kwa wavuvi, na mpaka leo nikipita wananiuliza kama paka ameshakatiwa bima.

Paka mwenyewe anaitwa Meneja. Jina hilo sikumpa mimi, alikuja nalo. Aliachwa na mtumishi mmoja aliyehamishiwa Dodoma, ambaye alinihakikishia kwamba hana usumbufu wowote. Alikuwa ameshahasiwa mjini, amenenepa kwa biskuti za paka za supamaketi, na umri umesogea. Nimekuja kuelezwa kwamba hizo ndizo sifa zenyewe za paka anayenyemelewa na kisukari: dume, kahasiwa, mnene, mtu mzima, hana shughuli. Ningejua ningedai nilipwe fedha za uhamisho mimi.

Dalili hazikujificha. Alikunywa maji mpaka ya ndoo ya kuogea. Alikula kuliko zamani na bado akakonda, kisha miguu ya nyuma ikaanza kukanyagia visigino, akawa anatembea kama mzee aliyetoka kwenye mkutano mrefu wa ushirika wa kahawa. Aliyeujua ugonjwa ni mama mkwe, aliyekuwa ameshuka kutoka Litembo kuja kutusalimia, na ambaye kisukari anakifahamu kwa sababu anacho. Alichungulia nyuma ya mlango, akakuta sisimizi wamejipanga kwenye mkojo wa paka.

"Baba Neema," akasema, "huyu tuko naye chama kimoja."

Nikaenda kwa bwana mifugo. Ni mtu mzuri, ila yeye ni wa ng'ombe, nguruwe wenye homa, kuku wenye kideri, na mbwa siku ya chanjo ya kichaa. "Paka ana sukari? Mpunguzie chai," akasema, akacheka hadi akakaa chini. Alipomaliza akampigia simu mwenzake aliyesoma naye SUA, kule Morogoro, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza rasmi, maana yule alikuwa anajua. Akasema: insulini, asubuhi na jioni, uniti moja moja kwa kuanzia, achomwe akiwa ameshakula, na usithubutu kuzidisha. Ukimwona analegea na kuyumba, mpake asali kwenye fizi halafu umkimbize kwa daktari. Daktari gani, na kwa barabara ipi, hakusema.

Sasa, sisi wa Ruvuma tuna fahari moja ambayo hatuitangazi vya kutosha. Haya maduka ya dawa muhimu unayoyaona kila kona ya Tanzania yalianzia kwetu, mwaka 2003. Mkoa wetu ndio uliojaribiwa kwanza. Kwa hiyo niliingia dukani kifua mbele, mwenyeji wa jambo.

"Insulini ni ya nani?" dada akauliza, kalamu mkononi.

"Mgonjwa yuko nyumbani."

"Ana umri gani?"

"Miaka tisa hivi."

"Jamani, mtoto mdogo! Uzito?"

"Kilo tano na nusu."

Kalamu ikasimama. Nilipofafanua, huruma yote ilimtoka usoni. Akanieleza, kwa adabu ya kazi tu, kwamba dawa hiyo haimo kwenye orodha anayoruhusiwa kuuza, friji hana, na paka hana. Nijaribu famasi, Mbinga mjini.

Kutoka kwetu hadi Mbinga ni kilomita 66, na tangu ipigwe lami ni safari ya raha kwa asiyetapika kwenye kona. Famasi niliyoingia insulini ilikuwa imekwisha, wakanielekeza Songea, kilomita kama 100 mbele. Songea nikaipata. Niliuliza kwanza ile ya wanyama, maana yule wa Morogoro alisema ipo, imetengenezwa kwa ajili ya mbwa na paka. Mfamasia akaniangalia kwa muda, akaniuliza nimetokea wapi. Basi nikachukua ya binadamu, ile yenye rangi ya maziwa ambayo huitikisi, unaiviringisha tu viganjani. Kwa paka inaisha nguvu mapema kuliko kwa mtu, ndiyo maana lazima sindano iwe mara mbili. Na bomba lake liwe la uniti 100 kwa mililita, kwa sababu ile ya wanyama ina uniti 40, na ukichanganya mabomba na chupa unaweza kumuua mgonjwa kwa hesabu tu.

Hesabu ndiyo inayoniuma. Bei ya chupa, nikiacha maziwa na gazeti, naweza kuibeba. Lakini chupa ina mililita 10, yaani uniti 1,000. Meneja anatumia mbili kwa siku. Chupa ikishafunguliwa inatumika wiki nne hivi, halafu itupwe. Wiki nne ni uniti 56. Zinazobaki, 944, namwaga. Uniti 944! Zingekuwa za LUKU ningewasha taa mpaka Neema aolewe. Nikauliza kama kuna ujazo mdogo. Zipo kalamu, nikaambiwa, zenye uniti 300, ila hapa zinauzwa kwa boksi, na boksi ni kalamu tano. Nikalipia chupa nikarudi zangu kituoni.

Nani alaumiwe? Si waliogundua. Banting na wenzake kule Toronto walipopata hataza ya insulini mwaka 1923 waliiuza kwa chuo kikuu kwa dola moja moja kila mtu, ili dawa isiwe mtaji wa mtu. Leo sehemu kubwa ya insulini ya dunia iko mikononi mwa kampuni tatu, na dola moja hainitoi hata Mbamba Bay. Wala sikutaka kupita mlango wa kliniki kuomba ya bure. Pale kuna watoto wa watu ambao wakikosa sindano hawafiki mwezi ujao, na mwanamume mzima kupanga foleni nao kwa niaba ya paka ni jambo ambalo hata kwa hali yangu nililiona la aibu.

Mama mkwe naye alikuwa na la kusema. "Dawa ya watu unampa paka?"

Mkwe hajibiwi ovyo, kwa hiyo nilijibu kwa historia. Nikamwambia, mama, dawa hii ilijaribiwa kwa mbwa kwanza, mwaka 1921, ndipo ikaja kwa watu. Na kwa miaka mingi ilikamuliwa kutoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe machinjioni. Kwa hiyo wanyama wanatudai.

Akanyamaza, akafikiri. "Mbwa wanalinda," akasema.

Kisha friji. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na iliyofunguliwa nayo haipendi joto la ufukweni kwetu. Friji sina. Jirani mwenye friji ni grosari. Mwenye grosari akakubali kuihifadhi, akaipanga nyuma ya bia. Matokeo yake, kila siku saa kumi na mbili asubuhi nilionekana nikitoka grosari nimeficha kitu kwenye shati, na saa kumi na mbili jioni nikarudi tena. Mke wangu anajua ukweli, na hata yeye alianza kuninusa.

Pale grosari ushauri ni bure. Mmoja alisema paka alishwe kongosho la nguruwe, kitimoto si kipo? Nikamweleza kwamba insulini ukiimeza tumbo linaimeng'enya sawa na nyama nyingine, ndiyo maana dunia nzima inachomwa sindano. Akasema basi kongosho nilete, atalila yeye. Mwingine akakumbusha mwaka 2011, kikombe cha Babu wa Loliondo kwa shilingi 500, na kisukari kilikuwemo kwenye magonjwa yaliyotajwa. Wakaanza kubishana kama paka angelipa nauli nzima au nusu. Siku moja kijana wa zamu, kwa kutaka bia iwe ya baridi kweli, akasogeza kila kitu kwenye barafu. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka haifufuki. Songea tena.

Safari hii niliifuata njia ya wasio na friji: mtungi wa udongo, ndani yake chungu kidogo, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa chenye maji. Joto linashuka vya kutosha kwa chupa iliyokwisha kufunguliwa. Mama mkwe alidharau, akasema kwao Litembo mwezi wa saba chupa ungeiweka mezani tu ikatetemeka yenyewe. Mtungi umefanya kazi. Nimeacha kwenda grosari, na Jumapili katekista akanishika mkono mbele ya watu kunipongeza kwa kuacha pombe, pombe ambayo sijawahi kuianza.

Kupima nako ni kazi. Mashine ni ya mama mkwe, na vijiti vyake ndivyo vinavyotafuna pesa kuliko dawa. Damu inatoka ukingoni mwa sikio, baada ya kulikanda kwa kitambaa cha moto, huku mmoja ameshika kichwa na mwingine anaomba Mungu. Siku ya kwanza Meneja alisoma 21. Mama mkwe alikuwa na 9. Sijawahi kumwona amefurahi vile. Nilipomwambia kwamba mashine ya watu ikipima paka husoma chini kidogo ya ukweli, akafurahi zaidi.

Lakini tiba kubwa, kwa mujibu wa Morogoro, ni chakula. Paka hakuumbwa kwa wanga. Aache ugali, ale nyama au samaki watupu, na wapo ambao wakiwahiwa hivyo pamoja na insulini sukari hutulia kabisa, sindano zikaachwa. Hapo ziwa likatusaidia, maana tuna usipa. Tangu hapo Meneja anakula usipa bila ugali, na mimi nakula ugali na mchicha nikimtazama.

Tatizo ni kwamba usipa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka taa hazidanganyi samaki, mitumbwi inalala mchangani na bei inapanda. Kwa hiyo kisukari cha nyumbani kwangu kinafuata mwandamo wa mwezi. Na mama mkwe, alipoona namba za Meneja zinashuka wiki hata wiki, 21 ikawa 16, ikawa 11, aliona anakaribiwa kwenye mashindano na hakupendezwa. Akatangaza kwamba na yeye ataacha ugali. Litembo hajarudi, wala haongelei kurudi.

Juzi mwezi ulikuwa mpevu. Nilizunguka soko zima nikapata fungu moja tu, kwa bei ambayo mke wangu sijamtajia. Nikalileta jikoni. Mama mkwe akalitazama, akamtazama Meneja aliyekwisha kukaa miguuni pake, kisha akaligawa katikati kwa kijiko, sawa kwa sawa.

"Wewe kula ugali, Baba Neema," akasema. "Sisi ni wagonjwa."