Namna ya Kuipima Timu Yako Kabla Novemba Haijaipima

Tafuta daftari la shule, kalamu inayoandika, mahali pa kukaa unapoona uwanja mzima, na mtani mmoja wa timu pinzani anayesema kweli. Simu iache mfukoni. Huwezi kuandika maoni mtandaoni huku bado unatazama mechi. Moja litaharibika, na mara nyingi ni macho.

Anza kwa kuacha nje ya daftari kila ulichokiona Julai na Agosti. Mapokezi ya uwanja wa ndege, uzi mpya, Simba Day, Wiki ya Mwananchi, vipande vya mazoezi ambamo kila shuti linaingia. Vifurahie, vimewekwa kwa ajili hiyo. Mimi ni Mwananchi, na Julai 2024 Yanga ilipowapiga Kaizer Chiefs mabao 4-0 kule kwao Afrika Kusini, sikulala mapema. Agosti tukachukua Ngao ya Jamii: Simba 1-0, Azam 4-1. Raha tupu. Lakini hakuna hata mechi moja kati ya hizo iliyotuambia Novemba itakuja na nini, ndiyo maana nasema daftari lifunguliwe ligi inapoanza.

Sasa sikiliza habari ya mechi nane, maana somo lote limo humo. Msimu wa 2024/25 Yanga ilianza ligi kwa kushinda mechi nane mfululizo bila nyavu zake kutikiswa hata mara moja. Pointi 24 kati ya 24. Vijiweni hakukuwa na mjadala tena. Mtu akiuliza udhaifu wa timu, anaulizwa yeye ni wa wapi. Ila ukizitandika zile mechi mezani moja baada ya nyingine, tano kati ya nane zilikwisha 1-0. KenGold, iliyokuwa imepanda daraja msimu uleule, 1-0. KMC 1-0. Simba 1-0. Coastal Union 1-0. Singida Black Stars 1-0.

Hapo ndipo kalamu inapotakiwa. Kwa kila 1-0, andika safu nne: bao limepatikana dakika ya ngapi, limetoka mguuni au kichwani kwa nani, limetokana na nini, na kipa wetu ameokoa mara ngapi. Kisha soma kutoka juu kwenda chini. Kule Mbeya dhidi ya KenGold mfungaji ni Ibrahim Bacca, beki wa kati. Dhidi ya Simba, Oktoba 19, beki wao alijifunga. Ushindi wa dabi ni mtamu vyovyote utakavyokuja, nami niliusherehekea mpaka sauti ikakauka, lakini safu ya mfungaji inapokuwa na beki wetu na beki wao, swali linalofuata ni la namba tisa. Prince Dube, aliyetoka Azam kuja kutufungia, alikuwa bado hajapata bao la ligi. Pointi 24 zilikuwa zimelifunika swali hilo, na sisi tukazikubali zilifunike.

Kwa hiyo udhaifu utafute kwenye mechi ulizoshinda. Timu ikifungwa kila mtu anaona. Mpaka muuza karanga anakueleza tatizo liko wapi. Ikishinda kwa taabu, unabaki peke yako na daftari lako, na majirani wanakuona una kinyongo. Vumilia.

Kutazama kwenyewe kuna namna yake. Televisheni hufuata mpira, nawe unalazimika kufuata kamera. Ukiweza kwenda Kwa Mkapa, hata kwenye mzunguko nyuma ya goli ambako wengi wanaona ni mahali pabaya, nenda. Pale unauona mstari wa mabeki wanne jinsi ulivyonyooka au ulivyopinda. Timu yako ikipoteza mpira, usiuangalie mpira: hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, na macho yawe kwa namba sita. Je, amekwenda kumkaba mwenye mpira, amerudi kuziba mbele ya mabeki, au amesimama ananyoosha mkono kumlaumu mwenzake? Beki wa pembeni aliyepanda amerudi kwenye tatu au kwenye tano? Fanya hivyo mara kumi katika mechi moja na utajua zaidi ya anachokijua aliyekariri matokeo ya raundi zote.

Viwanja vya mikoani vipewe haki yao. Pasi fupi kwenye nyasi zenye mabonde baada ya mvua za vuli si kipimo cha kiungo. Pale pima nani anashinda mpira wa pili. Tuliambiwa hivyo Mbarali, Novemba 29, 2022, Ihefu walipotufunga 2-1 na kukata mwendo wetu wa mechi 49 za ligi bila kupoteza.

Turudi 2024. Novemba 2, Azam 1-0 Yanga, na Bacca akaoneshwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza. Siku tano baadaye, bila Bacca, Tabora United wakatufunga 3-1. Baada ya mechi nane bila kuruhusu bao, manne ndani ya mechi mbili! Kabla mwezi haujakwisha kocha Miguel Gamondi alikuwa ameondoka. Vijiweni watu walewale wa Oktoba walikuwa wameshauza nusu ya kikosi, na wengine walianza kupanga majina ya kamati ya kuwauza.

Hapa ndipo wengi huchana daftari, na hapa ndipo linapofanya kazi kubwa kuliko siku zote. Kipigo kiandike kwa jina lake dogo. Usiandike "timu mbovu". Andika: "Bacca asipokuwepo, nani anasimama katikati?" Andika: "Tukitanguliwa, nani anafunga?" Udhaifu wenye jina unatafutiwa dawa, "timu mbovu" haina dawa, ina kelele tu. Desemba ya mwaka uleule Dube akawapiga Mashujaa mabao matatu katika ushindi wa 3-2, na swali la namba tisa likaanza kujibiwa. Na vile vipigo viwili ndivyo vilivyobaki kuwa vipigo pekee vya ligi msimu mzima: mechi 30, ushindi 27, sare moja, pointi 82, Simba wakiwa na 78. Ubingwa wa nne mfululizo. Pointi 24 za mwanzo zilituficha kitu, na siku tano za Novemba zikatutisha kupita kiasi. Daftari lingetuambia yote mawili kwa utulivu.

Kuhusu waamuzi, weka ukurasa mmoja wa mwisho, uandike hasira zako, kisha usiusome.

Amebaki mtani. Watu wanamtumia kwa kutambiana tu, ni hasara kubwa, kwani hakuna anayeitazama timu yako kwa makini kama anayeiombea ianguke. Majina anayoyataja akicheka ni ya wale ambao hawamsumbui. Yule anayemruka bila kumtania, huyo ndiye wa kuulizia. Basi msimu ule nilimkaribisha jirani yangu, Simba wa kuzaliwa, kwenye kahawa na kashata. Upande wa nguvu za timu nilikuwa nimeandika Aziz Ki na Pacome, kwa herufi kubwa. Nikamuuliza, "Mtani, kwa kikosi chetu, yupi ungependa asicheze siku ya dabi?"

Akakizungusha kikombe, akatazama barabarani kuhakikisha hakuna mwenzake anayepita.

"Aucho," akasema. "Yule Mganda akisimama pale katikati, sisi mpira tunauona kwa mbali tu."

Nikafungua daftari, nikaliandika jina la Khalid Aucho juu ya yale mawili, nikalipia kahawa zote mbili.