Bima ndogo, madai makubwa

Dereva wetu wa Dar es Salaam hukata bima ili kumridhisha trafiki. Stika ikisomeka kwenye simu ya afande pale Ubungo, kazi imekwisha. Siku anapoparamia nguzo ya umeme, bampa chini, taa inaning'inia kwa waya, ndipo anapopiga simu bima: "Njooni mnitengenezee!" Bosi, bima ndogo ni ya uliyemgonga. Nguzo huenda ikalipiwa. Wewe na bampa lako mtajuana na mafundi wa Gerezani.

Mwenye bima kubwa naye asicheke. Gari keshalinyoosha kabla polisi na mkaguzi hawajaliona, halafu anadai fidia kwa picha za WhatsApp. Akikataliwa, kampuni ni wezi. Mkataba wenyewe bado uko kwenye bahasha, haujafunguliwa.